Kwa Nini Matofali Yanaungua na Mbao Haziungui

Mtaa wa Garnet,
St. Louis, upande wa kaskazini,
Septemba 1979

Kaka yangu mpendwa Roscoe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa mapenzi ya nyumba nzima. Mgongo wako unaendeleaje? Uliandika kwamba siku hizi ukiinama asubuhi unainuka mchana, nikamsomea Mama, akacheka mpaka akavua miwani. Wifi yangu Delphine hajambo? Na wale mapacha wameshazoea joto la Houston, au bado wanaulizia theluji ya Detroit? Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamsumbua na presha inapanda na kushuka inavyotaka, lakini ulimi wake uko palepale. Daktari amemkataza zile pua za nguruwe za kuchoma. Akamwitikia kwa adabu zote, ndiyo daktari, asante daktari, na tulipofika nje tu akaniambia nipitie kwa muuza pua nichukue za watu wawili. Mimi sikuwa na njaa.

Barua yako ya Agosti niliipata. Najua umenuna kwa kuwa sikujibu upesi, na najua ungependa nikupigie simu, lakini mambo yenyewe ni marefu na kwenye simu wewe hunikatiza. Kwenye karatasi huwezi. Kaa chini, mwambie Delphine akumiminie chai yako ya barafu, usome mpaka mwisho kabla hujaanza kupayuka.

Ulitaka jibu la jambo moja: Mama anakuja Houston au haji? Ulisema ukipata jibu utakodi lori, uje umchukue yeye na vitu vyake kabla ya baridi. Ulisema nyumba aliyotuachia Baba haina thamani tena, mtaa umeshakufa, na mtu mwenye akili hamwachi mama yake alale makaburini. Halafu ukamalizia na lile neno lako la siku zote, kwamba watu wetu wamejichomea wenyewe, Detroit na St. Louis, mambo ni yaleyale. Hapo ndipo uliponichokoza, kaka. Wewe ndiye uliyenipa jina la Bi Kwa Nini nikiwa mdogo, kwa hiyo usishangae.

Maana nilijiuliza hivi. Detroit mlikuwa na ghasia, sawa. Polisi walivamia kile kilabu cha juu ya duka usiku, watu wakachoka, mji ukawaka, na upepo ukaupeleka moto hadi kwenye nyumba uliyokuwa umepanga. Uliondoka na shati moja na mwiko wako wa kujengea. Sijasahau. Lakini Roscoe, sisi huku hatukuwa na ghasia! Mwaka ule miji ilipowaka kila upande wa nchi, hapa watu waliandamana, wakaimba, wakalia, wakarudi nyumbani kula. Sasa njoo usimame barazani kwa Mama leo. Upande wa pili wa barabara nyumba nne zimebaki mashimo yenye magugu. Kona kule lilikokuwa duka la dawa ni ukuta mmoja umesimama peke yake na dirisha lake. Mgeni akipita atadhani vita vilipita hapa. Kama hatukujichoma kwa hasira, nani alituchoma?

Na hili si swali la kupitishia muda tu. Unaikumbuka nyumba ya akina Ledbetter, pacha ya nyumba yetu, ile tuliyochangia nayo ukuta mmoja na paa moja? Ni tupu tangu mzee Ledbetter afariki. Aliyeinunua yuko Florida, sijui kama amewahi kuiona. Milango ilishavunjwa, na mabomba ya shaba yaling'olewa zamani. Kitanda cha Mama kimeegemea ukuta uleule wa kuchangia. Ikichomwa ya Ledbetter, Mama anaungua nayo, na kwa magoti yale hatakimbia. Tangu masika nilikuwa nalala sebuleni na viatu miguuni. Nilikuficha kwa sababu nilijua utakuja na lori kesho yake.

Mama ndiye aliyeanza. Siku moja tumekaa barazani tunamenya maharage, nyumba ya tatu ya mwaka imeungua juzi yake, akauliza kwa nini matofali yanaungua na mbao haziungui. Nikadhani presha imempanda kichwani. Akanionyesha kwa kisu. Nyuma ya uchochoro vipo vile vibanda vya mbao vya akina Stokes, vikavu kama biskuti, vimeachwa wazi miaka, hata sigara moja ingevimaliza. Havijawahi kuguswa. Lakini kila nyumba ya matofali mekundu mazuri ikikaa tupu, haipiti muda, moto. Mama akasema kama ni vijana wahuni wanaocheza na viberiti, basi ni wahuni wenye macho ya fundi muashi.

Basi bwana, usingizi ukaniruka. Nikaanza kuuliza.

Nilianzia kinyozini kwa Bwana Purvis, unamkumbuka, yule aliyekukata sikio siku ya ubatizo wako. Nilipoingia, mwanamke peke yangu, wanaume wote wakanyamaza kama nimewafumania. Purvis akaniuliza kama nimekuja kunyolewa masharubu. Nikamwambia nitanyolewa nikishajibiwa swali. Wee, ungewasikia! Kila mmoja alikuwa na jibu na hakuna aliyengoja mwenzake amalize. Purvis alisema chanzo ni benki. Baba aliponunua nyumba, benki ilikuwa na ramani na upande wetu umepakwa rangi nyekundu, hakuna mkopo hapa, hata uwe na kazi nzuri na jina safi. Ndiyo maana Baba alinunua kwa yule dalali kwa bei ya kuibiwa mchana. Nyumba isiyoweza kukopewa haikarabatiwi, akasema Purvis, na nyumba isiyokarabatiwa inajizeekea, halafu benki inasema unaona, tulijua tu.

Mzee mmoja aliyekuwa na sabuni usoni akadakia kwamba ni bima. Miji mingine ilipowaka, makampuni ya bima yakafuta bima zetu pia, eti mtaa hatari. Yakakimbia moto ambao huku haukuwapo! Kijana mmoja kwenye foleni akasema wazee waache kulialia, ni uvivu na dawa za kulevya tu. Purvis akamwuliza babake alikuwa akifanya kazi wapi. Kiwanda cha viatu, akajibu. Kiko wapi sasa? Mwingine akasema sisi tulioletwa kutoka Mill Creek hatuna haja ya kufundishwa, maana mji wenyewe ulitubomolea mtaa mzima, makanisa na baa na nyumba tulimozaliwa, na aliyekuja na tingatinga hakuitwa mfanya fujo. Aliitwa mhandisi. Watu wakacheka, lakini si kicheko cha raha.

Nilitoka mle na kichwa kizito. Kila mtu alishika kipande cha kweli, sikatai. Ulichonisimulia wewe kuhusu Detroit kimefanana nacho kwa kila kitu: kiwanda kilihama, kodi ya chumba ilipanda, na polisi walikusimamisha kila jioni ukitoka kazini wakuite kijana na wewe ni baba wa watu. Sasa nakuuliza, kaka, na nijibu kweli: moto ule ulianza usiku ule, au ulikuwa unafuka kwa miaka na usiku ule ndipo mlipoona mwanga? Mimi sijui, wewe ndiye uliyekuwapo. Ila pale kinyozini hakuna aliyejibu swali la Mama. Benki inaeleza kwa nini nyumba ni tupu, haielezi kwa nini inaungua ya matofali na ya mbao inaachwa.

Jumapili moja ya Juni tukiwa tunavaa kwenda kanisani, king'ora kikalia. Nyumba ya kona, ile yenye ngazi za mawe meupe. Nilisimama pale na kofia yangu ya kanisani na glavu zangu nyeupe za uhudumu, nikatazama. Zimamoto walikuja upesi, akiwamo Wendell Tate, mtoto wa Dada Beulah wa kwaya. Wanafungua mpira wa maji kwa nguvu zote, na yale maji yanapiga ukuta uliokuwa na joto, na mimi nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiangalia: chokaa ya kati ya matofali inatoka inatiririka kama uji. Kuta zikabaki zimesimama kwa kuzoea tu. Siku iliyofuata, kabla hata moshi haujaisha, likaja lori lenye waya, likavuta, ukuta ukalala chini mzima. Vijana wakashuka wakapanga matofali, safi, kama yaliyooshwa. Hawakuwa na haraka hata kidogo. Gari la polisi lilipita likapunga mkono.

Unajua mimi. Nilipanda kigari changu nikalifuata lori. Usinigombeze, nilikaa mbali. Likaenda hadi karibu na mto, kwenye uwanja wa muuza matofali. Sitalitaja jina lake. Nikajitia mteja, nataka kuzungushia bustani ya maua. Akaja mwenye uwanja, mzungu mnene wa makamo, mchangamfu ajabu, akanizungusha kana kwamba nimekuja kuona wajukuu zake. Uwanja mzima ni milima ya matofali yetu, Roscoe, mekundu yaleyale. Akanieleza kwamba matofali ya siku hizi hayana roho, na huku St. Louis udongo wetu ulikuwa bora na mafundi wa zamani walikuwa mafundi kweli. Matajiri wa kusini wanayataka hayo kwa kuta za bustani na meko. Nikamwuliza anayapata wapi. Akacheka, akasema yeye ananunua tofali, hanunui hadithi yake. Nikamwuliza kwa nini mengine yametupwa pembeni, yale yaliyopauka, rangi ya waridi iliyofifia. Akasema hayo ni ya kuta za ndani, hayakuiva tanuruni, laini, mvua ikiyagusa yanakwisha, hana haja nayo. Nikaitikia tu. Laiti ningesikiliza vizuri hapo.

Nikamwuliza mazuri yanakwenda mji gani hasa. Akasema New Orleans kidogo, na mengi zaidi Houston.

Kaka, nilishika mlango wa gari nikashindwa kuufungua. Barua yako ya mwezi wa tano ilikuwa imejaa majivuno, na ulistahili kujivuna, kwamba umepata kazi kwa bwana mmoja wa majumba makubwa, unamjengea daktari ukuta wa bustani kwa matofali mazee mekundu kutoka kaskazini, na daktari amekuambia hajaona mkono kama wako. Sisemi ni ya mtaa wetu. Texas ni kubwa na mafundi ni wengi. Lakini siku ile nilikukasirikia, usiulize. Niliendesha nikitukana peke yangu njia nzima, mhudumu wa kanisa. Nilitaka kukuandikia palepale kwamba kila barua unamwita Mama aje Houston na huku mtaa wake umeshatangulia.

Hasira iliniisha kwa Wendell. Nilimwita barazani nikamweleza yote: wanachoma ili zimamoto waje wawaoshee matofali bure. Akavua kofia yake ya kazi akaiweka magotini. Mama akamletea maji. Halafu akasema kumbe miaka yote hii yeye ni kibarua wao. Anahatarisha mapafu yake, mkewe halali, kumbe ni kibarua wa wezi na hata mshahara wao hajauona. Machozi yakamtoka, mtu mzima. Nikamwambia asijilaumu, asipozima moto ule Mama ataungua, na kaka yangu mwenyewe pengine anayapanga matofali hayohayo kwa timazi na pima maji wala hajui. Nilipokuwa nikimwambia hayo ndipo na mimi nikakusamehe. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe haijui.

Tulijaribu njia ya halali, usidhani tuliruka. Bibi Ozella Crume, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na unajua akivaa ile kofia yake ya zambarau hakuna mlango usiofunguka, alinichukua tukaenda polisi. Askari wa mezani akasema nyumba haina mtu, kwa hiyo hakuna aliyeumizwa. Tukaenda ofisi za mji. Yule dada wa dirishani alikuwa mpole, akasema nyumba ya Ledbetter itabomolewa zamu yake ikifika, na zamu ni ndefu. Bibi Ozella akamwuliza kama moto nao unasubiri zamu.

Wiki hiyohiyo Mama aliliona lile lori limesimama mbele ya nyumba ya Ledbetter. Dereva alishuka, akapapasa ukuta wa mbele kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akampungia Mama mkono. Akaondoka.

Sasa ninayokuambia hapa, Roscoe, Delphine asiyasome kwa sauti mbele ya watoto.

Kamati ilikutana jikoni kwa Mama, wanawake tisa na sufuria ya mboga. Tukasema tulale zamu, tukasema tununue mbwa. Bibi Ozella ndiye aliyesema kwamba mwizi hachomi nyumba, anachoma tofali, na mahali pasipo na tofali hana la kuchoma. Mama akatoka nje akarudi na kile kishoka cha Baba cha kupasulia kuni, akakiweka mezani katikati ya mboga.

Kaka, dada yako ni mwizi. Nyumba ya mtu wa Florida ambaye sijawahi kumwona, tumeiiba yote. Jumamosi tatu za Julai na Agosti, mchana kweupe, redio inaimba, tumevaa aproni za kamati. Wendell alichukua likizo, kwa sababu ukuta unavyoanguka yeye ndiye anayejua, na Purvis akaja na vijana wa kinyozini, hata yule aliyesema ni uvivu na dawa za kulevya, alipiga kazi kuliko wote. Tulianza na paa, tukalitenga na letu, tukashuka mbele, nyuma na ubavu wa mbali. Mama aliketi kwenye kiti cha jikoni uani, kitambaa kichwani, anagonga chokaa kwa kishoka, tofali baada ya tofali, anaimba. Sijamwona hivyo tangu Baba afe. Polisi wakapita. Safari hii walisimama, wakauliza kuna nini. Bibi Ozella akawaambia wanawake wa kanisa wanasafisha mtaa. Wakatusifu! Wakasema mitaa yote ingekuwa na moyo huo.

Na lile lori nalo likapita. Lilipunguza mwendo. Dereva akatutazama, akatazama rundo la matofali uani kwa Mama, tukasimama wote na nyundo mikononi. Bibi Ozella akampungia kiganja kama yeye dereva alivyompungia Mama, akamwambia, "Umechelewa, baba!" Jamani, tulicheka! Tulicheka mpaka Dada Beulah akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake nyeupe. Usiku ule nilivua viatu, nikalala mpaka jua likanipiga usoni.

Ningependa niishie hapo.

Jumanne ya wiki iliyopita ilinyesha mvua kubwa ya kwanza tangu tubomoe. Asubuhi Mama akaniita kwa sauti ndogo, na unajua Mama hana sauti ndogo. Ukuta wa chumbani kwake ulikuwa umelowa toka juu hadi chini, karatasi ya maua imevimba na kuanguka kitandani. Nikazunguka nje, upande ilikokuwa nyumba ya Ledbetter. Ule ukuta wa kuchangia tuliuacha umesimama, bila shaka, ni ukuta wetu. Lakini ulikuwa ukuta wa ndani, Roscoe, kwa miaka themanini haukuwahi kuona mvua. Ni matofali yale yaliyopauka. Niligusa moja kwa kucha, likavunjika kama mkate wa mahindi. Nikapiga magoti matopeni nikalia. Nilimwokoa Mama na moto, nikamvua nguo kwa mikono yangu mwenyewe nikamwacha nje kwenye baridi.

Niliuliza mafundi wawili. Wote wanasema jambo moja: uvikwe ukuta mwingine kwa nje, matofali magumu, ushikizwe vizuri, kabla barafu haijaingia kwenye zile nyufa. Barafu ikiingia, ukuta wote unashuka, na ghorofa ya juu pamoja nao. Mmoja hataki kuja upande huu wa mji. Mwingine anataka, ila anajenga kwa jicho moja, na Mama alimfukuza alipoona timazi yake haina hata uzi.

Jana jioni nilimwambia Mama kwamba nimeshindwa. Nilimwambia nitakuandikia uje na lori, twende Houston, nimechoka kuuliza maswali, jibu lililobaki ni hilo. Nilimweleza na lile la matofali kwenda huko, nililokuwa nimemficha tangu Juni kwa sababu sikutaka aumie juu yako. Hakuumia. Aliuliza kama wewe unapanga vizuri. Nikamsomea tena maneno ya yule daktari wa bustani. Akatazama uani, kule rundo lilipo chini ya turubai. Akaniambia nikuandikie kwamba haendi Houston. Mashuka na picha za Baba haziondoki hapa. Nikuambie usije na pole, wala usilete hela, wala usimtumie Delphine aje kumbembeleza. "Mwambie sihitaji mtoto wa kunihamisha. Nahitaji fundi."

Hilo ndilo jibu lako, kaka. Na ombi langu ni lilelile la Mama, ila mimi nalia ninapoliandika. Hujaja tangu tumzike Baba. Ulisema huwezi kuutazama mtaa huu, na mimi nilikuelewa, sikukusukuma. Sasa nakusukuma. Daktari wa watu angoje, bustani yake haina mama ndani. Kodi lori kama ulivyosema, lakini litarudi tupu. Wendell atachanganya chokaa, Purvis atabeba, yule kijana anataka kujifunza kazi na anaulizia kila siku kama utakuja. Matofali yapo, Mama ameyasafisha mwenyewe, na anasema ukiyapanga vibaya atayang'oa.

Nisalimie Delphine, mwambie namwomba mume wake kwa wiki chache, nitamrudisha akiwa na mgongo uleule mbovu. Wabusu mapacha. Bibi Ozella anakusalimu, Purvis anaulizia sikio lako. Mama hakutumi salamu, anasema salamu utazichukua mwenyewe.

Amehamia chumbani kwako tangu mvua ile, kwa hiyo ukifika utalala na mimi sebuleni, wewe kwenye kochi na mimi chini, mpaka ukuta ukauke.

Ni mimi dada yako, mdadisi na sasa mwizi,

Verlene